Viatu Vilivyoelekea Ndani: Maisha ya Marehemu Pyo Gwinam, 1953–2024

Mbele ya Mungu na mbele yenu mliopanda kilima hiki katika baridi ya asubuhi, mimi Eom Cheolgyu, mtoto pekee wa marehemu, nasimama kuwasomea maisha ya mama yangu. Kabla sijaanza nasema jambo moja. Ratiba mliyopewa na karatasi niliyoshika mimi hazifanani. Mzee Ma, mzee wa kanisa letu aliyesimamia uchapaji, aliniomba kwa upole, mara mbili, nipunguze baadhi ya mambo kwa heshima ya marehemu na kwa afya ya mtu mmoja aliye hapa. Kwenye ratiba ameyapunguza. Kwangu yamebaki. Mzee Ma, nakuheshimu, ulinifundisha Shule ya Jumapili miaka sita na ukanivumilia miaka yote hiyo nikisoma Biblia huku nazunguka meza. Lakini mama yangu alifichwa mengi alipokuwa hai, na sitakubali afichwe tena akiwa ndani ya jeneza.

Marehemu Pyo Gwinam alizaliwa tarehe 11 Novemba 1953 katika wilaya ya Bonghwa, nyumba ya wakulima wa viazi na pilipili. Alikuwa binti wa nne. Baba yake, aliyekuwa na hamu ya mtoto wa kiume, alimpa jina Gwinam, yaani mvulana wa thamani, kwa matumaini kwamba atakayefuata atasikia na kuja akiwa mwanamume. Aliyefuata alikuwa binti wa tano. Mama alipenda kusema hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa duniani, na ilimshinda kabla hajajua kutembea sawasawa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza 1966. Baba alisema inatosha. Mama akabeba mfuko wa pilipili kavu, akatembea kilomita tisa hadi shule ya kati ya wilaya, akauweka mezani kwa mwalimu mkuu na kusema kwamba hiyo ni ada ya muhula wa kwanza na ya pili italetwa pilipili zikikauka. Mwalimu mkuu alipiga chafya, akamwandikisha. Alimaliza Februari 1969. Mwaka 1972 alikwenda Yeongju kusomea uuguzi msaidizi, na cheti chake, chenye tarehe 20 Machi 1973, kilining'inia ukutani kwake hadi juzi.

Aprili 1974 aliajiriwa katika zahanati ya mgodi wa makaa hapa bondeni Geomcheon. Wengi wenu mmekulia katika zile nyumba za kampuni, arobaini kwa safu, mnajua tulivyoishi. Ila kwa vijana waliokuja kutoka mbali niseme hili: kila asubuhi, mume akishashuka shimoni, mke alivigeuza viatu vingine vya mume vilivyobaki kwenye jiwe la mlangoni, ncha zielekee ndani ya nyumba, ili mwenyewe arudi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala aliyethubutu kuivunja. Mama alipofika aliicheka. Baada ya kuosha maiti ya kwanza aliacha kucheka.

Zahanatini ndipo alipokutana na baba yangu, Eom Dusik, mchimbaji, aliyekuja na kidole gumba kilichokatwa na mnyororo. Alirudi wiki ya pili, akarudi ya tatu.

“Hiki kidole kimeshapona, kaka,” mama akamwambia.

“Kinauma ndani, dada.”

“Ndani wapi?”

“Ndani zaidi ya kidole.”

Walifunga ndoa tarehe 15 Mei 1976, wageni wakala tambi katika ukumbi wa mgodi. Kwenye picha ya harusi baba amefunga bandeji kwenye gumba ambalo halikuwa na hata mkwaruzo. Mama alisema huo ndio uongo pekee aliowahi kumsamehe mtu bila kuombwa.

Sasa nafika mahali ambapo ratiba yenu inaruka.

Mama alipata mimba yangu mwezi Septemba 1978. Aliishi na mama mkwe wake, bibi yangu Noh Samwol, na bibi aliisimamia mimba ile kama mtu anayelinda moto wakati wa upepo. Mnaijua taegyo, malezi ya mtoto akiwa bado tumboni: mama asione kibaya, asisikie kibaya, asiwaze kibaya, maana kila kinachompita moyoni kinamfikia mtoto na kukaa kichwani mwake. Bibi alibandika ukutani picha ya mtoto mnene anayecheka. Alimchagulia mama matufaha ya duara tu, yasiyo na kovu, na yaliyopinda akayala mwenyewe. Redio ikianza habari aliizima. Sisemi alikosea kupenda. Alipenda kwa mikono yote miwili.

Tarehe 12 Februari 1979 dari ya njia namba tatu iliporomoka. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Walimtoa baba yangu tarehe 15, akiwa ameshakufa, na wakamzika tarehe 16 hapa hapa, hatua mia moja kutoka niliposimama.

Mke wake hakuambiwa.

Mjamzito hasikii kifo, mjamzito hafuati jeneza: ndivyo ilivyokuwa, na safu nzima ya nyumba arobaini ilikubaliana. Bibi alimzika mwanawe mchana, jioni akanawa uso, akaingia ndani akitabasamu na kumrudia mkwewe yale aliyomwambia tangu siku ya ajali: kwamba Dusik amevunjika mguu, amepelekwa hospitali kubwa Seoul, anaendelea vizuri, na garimoshi lina mitikisiko mibaya kwa mimba. Zahanati, kwa maagizo ya wakubwa, ilimwambia apumzike nyumbani. Karani wa stoo aliandika barua kwa jina la baba. Ninazo tatu. Moja inasema: “Mguu unaunga vizuri. Ule matunda. Mfikirie mtoto.” Mwandiko wake ni mzuri sana.

Na kila asubuhi mama alitoka mlangoni na kuvigeuza viatu vya baba, ncha zielekee ndani, ili arudi kutoka Seoul. Bibi alikuwa akimtazama. Aligeuza viatu vya marehemu asubuhi sitini na sita.

Tarehe 19 Aprili alivifunga katika kitambaa akavipeleka kwa mshona viatu karibu na stesheni, Fundi Ban, vitiwe soli mpya kabla mwenyewe hajarudi. Fundi Ban alivitazama, akavisukuma polepole kumrudishia mama.

“Mama, sivitengenezi hivi.”

“Kwani vimekufa kabisa? Soli tu, Fundi. Mwenyewe ana mguu mbovu, nataka atembee vizuri.”

“Mama... mkweo hajakwambia?”

“Aniambie nini?”

Yule mzee alishika nyundo yake, akaiweka chini, akaishika tena. Mama alirudi nyumbani na viatu kifuani. Bibi alikuwa sebuleni akimenya tufaha.

“Kula, mwanangu. Lina sukari hili.”

“Dusik yuko wapi?”

“Taratibu, mtoto atasikia.”

“Mtoto ameshasikia, mama. Amesikia tangu Februari. Bonde zima lilikuwa linanichekea mno.”

Nilizaliwa tarehe 2 Juni 1979, nikiwa na kilo mbili na robo. Mama alinitazama, nasikia, kama mtu anayeangalia mzigo wa mwingine kwenye stesheni. Hakulala, hakula, hakunena. Ratiba yenu, mstari wa nne, inasema kwamba tangu Agosti 1979 hadi Januari 1980 “alipumzika kwao Bonghwa”. Hakupumzika, na Bonghwa hakufika. Alilazwa Wonju katika wodi ya wagonjwa wa akili, miezi sita, na humo kulikuwa na daktari mmoja wa kike aliyemwuliza swali ambalo hakuna mtu wa bonde hili aliyekuwa amemwuliza: “Na wewe mwenyewe, unaendeleaje?” Mama alisema alilia siku mbili kwa ajili ya swali hilo moja, na siku ya tatu akaomba uji. Sioni aibu iko wapi hapo. Mtu aliumwa, akatibiwa, akapona, akarudi kazini. Kama angevunjika mguu mngeliandika jambo hilo kwa herufi kubwa.

Aliporudi alinikuta nalelewa na bibi kwa uji wa mchele na maziwa ya mbuzi, na sijui kutulia. Sikutulia kitandani, sikutulia mgongoni, na shuleni ndiyo kabisa. Mwaka 1987, nikiwa darasa la pili, mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mwili wangu uko darasani na akili iko dirishani. Akamwita mama. Nilikuwepo, nimesimama kwa mguu mmoja.

“Mama Cheolgyu, mimi sikulaumu,” mwalimu alisema. “Ila nasikia mimba yake uliilia sana.”

“Niliilia.”

“Basi ndiyo haya. Mtoto anaharibikia tumboni, sisi huku tunapokea tu.”

“Mwalimu, mwaka ule nilipokuwa nalia, wewe ulikuwa wapi?”

“Mimi? Nilikuwa bado chuoni Chuncheon.”

“Basi wewe umesamehewa. Wamebaki nyumba arobaini.”

Mbele ya watu alikuwa hivyo. Njiani tulipofika darajani alisimama. Garimoshi la makaa lilikuwa linapita chini yetu. Aliniuliza, bila kunitazama, “Cheolgyu, ni mimi niliyekuharibu?” Mimi nikasema, “Ishirini na mawili.” Nilikuwa nahesabu mabehewa. Hakuuliza tena. Watu hudhani mtoto asiyetulia hasikii. Nilisikia. Nilikuwa na miaka minane na sikujua jibu, na mabehewa nilikuwa nayajua.

Kuanzia jioni ile alianza kunifundisha nikiwa nimesimama. Majedwali ya kuzidisha nilijifunza nikibeba matofali ya makaa kutoka uani hadi jikoni: tofali moja, hesabu moja, ukikosea unalirudisha. Majira ya baridi ya mwaka huo jiko letu lilikuwa na makaa ya kutosha mtaa mzima. Leo narekebisha lifti Wonju, kazi ya kupanda na kushuka kutwa nzima, na sijawahi kusahau boliti hata moja.

Tangu Machi 1981 hadi Desemba 2013 marehemu alifanya kazi katika kituo cha afya cha bonde hili, miaka thelathini na mbili na miezi tisa, akihudumia wajawazito na watoto. Fomu ya mjamzito ilikuwa na nafasi ya uzito, shinikizo la damu na mkojo. Mama aliongeza pembeni, kwa penseli: Umelala? Umelia? Nani anajua? Mkuu wa kituo, Bwana Guk, alifuta kwa raba kila Ijumaa. Kila Jumatatu mama aliandika upya.

“Muuguzi Pyo, fomu ni mali ya serikali.”

“Na mama ni mali ya nani, Bwana Mkuu?”

“Makao makuu hawajauliza mambo ya kulia.”

“Ndiyo maana nauliza mimi.”

Karatasi nyingine zilitoboka kwa kufutwa. Vita hivyo vilidumu miaka minane. Bwana Guk alipostaafu alimletea mama boksi la raba kama zawadi ya kuagana, wakacheka mpaka wakalia. Mkuu aliyemfuata aliyaacha maswali yabaki, kisha akayachapisha.

Lakini uchunguzi wake wa kweli haukuwa kwenye fomu. Ulikuwa kwenye jiwe la mlangoni. Akifika nyumba yenye mjamzito alitazama kwanza viatu vya mume. Vikiwa vimegeuzwa, alibisha hodi na kuingia kwa mwendo wake wa kawaida. Vikiwa havijagusika, hakubisha. Alisema mwanamke aliyechoka hadi mwisho hasahau kupika, maana mkwe anamtazama. Anasahau kutumaini, maana hilo halina msimamizi.

Januari 1992 alifika kwa Tak Yeonja. Yeonja yule pale mwenye koti la kahawia. Ameniruhusu kusimulia, tena ameniambia nisipunguze. Mgodi ulikuwa umefungwa, mumewe amekwenda Ansan kutafuta kibarua, na Yeonja alikuwa na mimba ya miezi saba. Viatu vya mume vilikuwa mlangoni vimeelekea barabarani, na ndani yake mna theluji. Sio theluji ya juu juu. Ilikuwa imeganda. Mama aliingia na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakulifanya tena maishani.

“Yuko kwenye taegyo,” mkwe wa Yeonja alisema. “Anasikiliza muziki mtamu na kuandika shajara ya mtoto. Usimvuruge.”

Shajara ilikuwepo. Kila ukurasa ulisema leo jua limewaka, mama amefurahi, mwanangu, mama amefurahi sana. Yeonja mwenyewe hakuwa chumbani. Alikuwa ndani ya banda la makaa, ameketi juu ya gunia, bila soksi.

“Yeonja. Umelala lini?”

“Nisipolala mtoto ataharibika?”

“Nimekuuliza wewe. Umelala lini?”

“Sijui, dada. Nafikiria kwamba angekuwa na mama mwingine ingekuwa afadhali. Sasa nikishafikiria hivyo naogopa amesikia, nakimbia kwenda kuandika kwamba nimefurahi.”

“Na nani anajua?”

“Hakuna.”

“Sasa yupo. Vaa soksi.”

Mkwe alisimama mlangoni kuwazuia. Alisema habari za madaktari wa akili zitaitia nyumba aibu na kumtia mtoto alama. Mama alimjibu sentensi ambayo baadaye wanawake wa bonde hili waliigeuza kuwa salamu: “Mama, yeye ndiye nyumba ya huyo mtoto, na paa linavuja. Utaziba paa, au utalifokea?” Wakapanda garimoshi kwenda hospitali Gangneung siku ile ile. Kwa wiki kumi mama alimsindikiza kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Mtoto alizaliwa Machi. Anauza simu Ansan, si malaika, mama yake anasema hapigi simu mpaka apigiwe. Yeonja yuko hai. Hilo ndilo lililokuwa linataka kuamuliwa siku ile.

Bibi yangu Noh Samwol alifariki mwaka 1999, mikononi mwa mama, aliyemwogesha na kumgeuza kitandani miezi kumi na minne. Karibu na mwisho alisema, “Nilikuwa namlinda mjukuu wangu.” Mama akamjibu, “Najua. Ulimlinda yeye, mimi ukaniacha nje.” Kisha akamchana nywele. Wote wawili walilia na hawakulizungumza tena.

Mwezi Mei 2016 watafiti wa chuo kikuu walikuja bondeni. Daktari kijana alieleza ukumbini kwamba hali ya moyo ya mama wakati wa mimba, hofu na huzuni nzito isiyotibiwa, huenda ikagusa ubongo wa mtoto unavyokua, na baadaye namna anavyotulia na kuzingatia jambo. Vikongwe wote waligeuza shingo kumtazama mama. Miaka thelathini na saba, na bado waligeuza shingo. Mama alisimama.

“Daktari, mwanangu ndiye huyo unayemsema. Sitabishana na mashine zako. Ubongo wa mtoto hauumbwi hewani, unaumbwa ndani ya mtu. Lakini hawa wenzangu wakisikia hivyo wanamwambia mjamzito: usilie. Ndivyo walivyoniambia, na ndivyo wakaniua nusu. Kama kilio changu kinamfikia mtoto, basi na mkono uliowekwa begani kwangu ungemfikia. Na usingizi ungemfikia. Na dawa ingemfikia. Mbona hilo hamlisemi?”

“Bibi, ndicho tunachojaribu kusema.”

“Basi semeni kwa sauti. Nyuma kule hawasikii.”

Daktari yule alisema tena, kwa sauti.

Machi mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo. Tarehe 4 Aprili, hospitali Wonju, daktari aliniita kwenye korido akaniambia ni saratani ya kongosho, imeenea. Akauliza: tumwambie mgonjwa? Na mimi, mtoto wa Pyo Gwinam, niliyelelewa na hadithi ya viatu vile, nikasema: bado. Nasema hadharani ili mjue uongo huu unavyoingia kirahisi. Unaingia ukiwa umevaa sura ya upendo. Nilimwambia mama ni vidonda vya tumbo. Nilimnunulia matufaha.

Siku ya tisa nilikwenda kwake jioni. Aliniangalia kutoka alipolala, halafu akatazama mlangoni.

“Wewe,” alisema, “tangu uzaliwe viatu vyako ukivivua kimoja kinakwenda Seoul, kingine Busan. Leo umevipanga. Umevigeuza vielekee ndani. Nina nini, Cheolgyu?”

Nikamwambia. Akaniuliza nimejua lini. Nikasema siku tisa.

“Mimi walinificha sitini na sita,” alisema. “Angalau ukoo unapiga hatua.”

Alikasirika kwelikweli, asiniambie mtu alipokea kwa utulivu. Kwa siku mbili hakula chakula nilichompikia. Siku ya tatu aliniita nikae, nikakaa, kwa kadiri yangu. Ndipo nikamjibu lile swali la darajani. Nilimwambia: “Hapana, Mama. Hukuniharibu. Sijui kichwa changu kilitengenezwa na nini, huenda ni yale, huenda ningekuwa hivi hivi. Lakini sijaharibika, na si wewe.”

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

“Umechukua miaka thelathini na saba,” alisema. “Mabehewa yalikuwa mangapi?”

“Ishirini na mawili.”

“Ishirini na matatu. Hukuhesabu la breki.”

Alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu na robo asubuhi, siku tano kabla ya kutimiza miaka sabini na mmoja. Wote tuliokuwepo tulijua anakufa, na yeye alijua, na tulikuwa tumeshaagana bila kufichana.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mimi Cheolgyu. Mkwe, Gyeon Miok. Mjukuu, Eom Haerim, na mumewe. Wifi yake, shangazi yangu Sunrye. Dada wawili Bonghwa. Na wanawake wa bonde hili ambao hawakuandikwa kwenye ratiba kwa sababu karatasi isingetosha.

Ameacha pia mmoja ambaye hajazaliwa. Haerim ana mimba ya miezi saba. Huyo ndiye ambaye afya yake Mzee Ma aliihofia, na ndiye ambaye tangu alfajiri shangazi Sunrye amemwambia abaki ndani ya gari, asione shimo, mtoto asije akashtuka. Shangazi, najua unampenda. Baba yangu alikuwa kaka yako, na ulikuwa kwenye kilima hiki tarehe 16 Februari 1979. Mama yangu hakuwepo. Alikuwa nyumbani, anakula tufaha la duara. Mume wake alizikwa hatua mia kutoka hapa na yeye mkewe hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Agosti, Haerim alipomwambia bibi yake kwamba halali na kwamba anaogopa kuwa huzuni yake itamharibu mtoto, mama, akiwa ameshakonda, alikaa kitandani akamwuliza maswali yake matatu. Halafu akatoa agizo, nami nalisoma kama lilivyo: “Siku yangu Haerim aje. Asifichwe, asisukumwe, asiachwe peke yake. Miok amshike mkono huu, Yeonja amshike huu. Akitaka kulia alie mpaka amalize, kisha mumpe supu ya moto. Na viatu vyangu vya mlangoni vielekezeni barabarani. Simngoji mtu tena, na sitaki mtu aningoje.”

Asubuhi ya leo nimevigeuza. Vile vya raba, vya kijani, mnavijua. Vimeelekea barabarani.

Haerim, shuka kwenye gari, mwanangu. Yeonja anakuja upande wako. Bibi yako amekufa, na tunamzika hapa, na wewe ndiye utakayetupa udongo wa kwanza, uliokuwa wa kutupwa na yeye miaka arobaini na mitano iliyopita. Huyo uliyembeba, ukilia, atasikia. Ajue basi kwamba mama yake alilia akiwa ameshikwa.

Apumzike mama yetu Gwinam kwa amani, na amani hiyo isijengwe juu ya uongo wowote.